Mtafute babu yako pasipoandikwa "msanii"

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoraji hapa Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tumemzika mwaka jana. Kabla ya kuchora alikuwa kibarua bandarini. Alipenda kusema kuwa uchoraji alijifunza 'kwa masista, Upanga'. Ameacha picha 11 na maboksi mawili ya makaratasi. Nimekwenda ofisi moja kuulizia kumbukumbu zake, nikaambiwa hakuna jalada la wachoraji. Mjomba anataka makaratasi yachomwe ili chumba kipangishwe. Kumbukumbu za wasanii wa mji huu, na za mahali waliposomea, ziko wapi? Na haya maboksi niyafanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nianze na la haraka: makaratasi yasichomwe, na wewe usiyapange. Yaache yalale yalivyolala hadi umalize kusoma jibu hili, maana kuna jambo la mpangilio nitakalokueleza ambalo likishaharibika halirudi.

Aliyekwambia hakuna jalada la wachoraji alisema kweli. Masijala hufungua majalada kwa shughuli zake: ajira, viwanja, leseni, vyama, shule, kesi. Uchoraji wa babu yako haukuwa shughuli ya ofisi yoyote, kwa hiyo hakuna karani aliyewahi kuandika neno "wachoraji" juu ya jalada. Lakini babu yako alipokea mshahara, alilipa ada ya chama, alipanga chumba, aliuza picha na mtu akamwandikia stakabadhi. Kila alipopita hapo aliacha jina. Wasanii wa Dar es Salaam wamejaa tele kwenye nyaraka za mji huu, ila wameandikwa kwa kazi zao nyingine.

Chukua watatu wanaojulikana na kila mtu. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake leo ni jina la aina nzima ya uchoraji, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na picha zikauzwa Oyster Bay, pale Morogoro Stores. Ukitaka kumwona kwenye karatasi za wakati ule, fuata ajira: alikuwa mhudumu Hospitali ya Muhimbili. George Lilanga, ambaye vinyago na picha zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha hapa mjini, katikati ya miaka ya 1970 akiwa mlinzi. Atakayefungua daftari la mishahara la kituo kile na aanzie kwa walinzi, asiende kwa wachongaji kwanza. Wa tatu ni Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Yeye alisomea uchoraji hadi London, lakini jalada lake nene liko kwenye mambo ya nje, kwa kuwa kati ya 1961 na 1964 alikuwa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Mhudumu wa hospitali, mlinzi, balozi. Ukiwatafuta wote watatu kwa neno "msanii" utarudi mikono mitupu, kama ulivyorudi wewe.

Basi babu yako mtafute kama kibarua wa bandari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bandari zetu zilikuwa chini ya Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao makuu hapa hapa Dar es Salaam, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikachukua bandari zake. Ndani ya maboksi angalia kama kuna kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulioanza mwaka 1964, ambao mwaka 1997 uligeuka kuwa NSSF. Angalia kadi ya NUTA, chama cha wafanyakazi cha wakati ule. Angalia kadi ya TANU, na hii usiidharau hata kama imeliwa pembe. Nimewahi kushika kadi ya mchongaji mmoja wa hapa mjini ambayo ada ilikuwa imelipwa mfululizo kwa miezi tisa, halafu kurasa tupu, halafu ada zikaanza tena kwa wino wa rangi nyingine na tawi jingine. Nilimwonyesha mkewe. Aliweka kidole kwenye ule ukurasa mtupu akasema, "Hapa ndipo alipokwenda Nairobi kuuza vinyago." Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuiandika safari hiyo mahali popote. Ilikuwa imeandikwa na ada ambazo hazikulipwa.

Sasa tuje kwenye "masista, Upanga". Hiyo ni dalili nzuri kuliko unavyodhani. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, mtawa kutoka Marekani. Ilikusanya vijana waliokuwa na mikono lakini hawakuwa na shule, ikawapa vifaa, mahali pa kufanyia kazi na soko la kuuzia. Humo walipita Robino Ntila, Augustino Malaba, Patrick Imanjama na huyo Lilanga niliyemtaja. Walichora, walichonga, walichapa picha kwa bamba, walitia batiki. Jengo lake la Barabara ya Upanga, ambayo sehemu yake sasa tunaiita Ali Hassan Mwinyi, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1983.

Hapo kwenye 1983 simama kidogo. Babu yako alianza kuchora miaka ya 1970 mwanzoni, na jengo ambalo watu wengi wanalikumbuka lilifunguliwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Mtu akisimulia ujana wake hupenda kuweka jengo alilolizoea juu ya miaka iliyotangulia jengo lenyewe. Sisemi mzee alikosea. Huenda alijifunza kwa masista mapema, kisha akazoea kulitaja jengo jipya. Huenda pia alianza kuchora kwingine, pale akaenda kujiendeleza baada ya 1983. Haya ni maisha mawili tofauti, na kitakachoamua ni karatasi: stakabadhi yenye tarehe, picha ya pamoja ambayo nyuma yake pameandikwa mwaka, bahasha yenye muhuri wa posta.

Kituo kile hakiko tena kama tulivyokijua, lakini watawa ni watu wa kuandika. Maryknoll wana hifadhi yao ya nyaraka katika jimbo la New York, na masista wao walikuwa na desturi ya kutuma barua na taarifa za utume makao makuu. Waandikie. Barua iwe fupi, na itaje jina la babu kwa tahajia zote alizowahi kutumia, miaka unayoikisia na aina ya kazi aliyofanya. Usiulize "mna habari za babu yangu?" Uliza kama wana barua, picha au taarifa kutoka Dar es Salaam za miaka ya 1972 hadi 1990 zinazohusu kituo cha sanaa. Mhifadhi hujibu swali la mahali na miaka kwa urahisi kuliko swali la mtu, kwa sababu nyaraka zake zimepangwa hivyo.

Umeuliza pia mahali waliposomea. Hili linawashangaza wengi: kwa miaka mingi shule ya sanaa ya wasanii wetu wasomi ilikuwa Kampala. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, na darasa lile likakua mpaka kuwa shule kamili ya sanaa ya chuo kikuu. Ntiro alisoma pale miaka ya 1940, akabaki kufundisha, akaenda Slade, shule ya sanaa mjini London, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Elimo Njau wa Marangu alimaliza pale miaka ya 1950, kisha akafungua jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Elias Jengo naye alipita Makerere kabla ya kuwa mwalimu wa walimu hapa kwetu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika historia ya sanaa ya Dar es Salaam bila kufika Kampala ameacha sura nzima ya kwanza.

Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya sanaa, muziki na maigizo mwaka 1975, na Ntiro na Jengo wakafundisha humo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifuata mwaka 1981, ndicho leo TaSUBa. Walimu wa sanaa wa shule wengi wametoka Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Vyuo vyote hivi vina rejesta za wanafunzi na matokeo ya mitihani. Lakini ukiniuliza mimi, hazina yenyewe iko kwenye tasnifu. Mwanafunzi wa miaka ya 1970 au 1980 aliyetumwa mtaani kuwahoji wachoraji ametuachia maneno ya watu ambao leo wengi wao hawako. Nenda maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, uulize sehemu ya East Africana, yaani ya maandishi yahusuyo Afrika Mashariki, na ukipata tasnifu inayohusu uchoraji anza kusoma kutoka nyuma, kwenye viambatisho. Orodha ya waliohojiwa huwekwa huko.

Rejesta nazo zinaungua, na hili linaniuma. Mwaka 1997 moto uliteketeza Paa ya Paa pamoja na kazi na vitabu vilivyokusanywa kwa miaka zaidi ya thelathini. Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliungua, na kumbukumbu za ofisi zilizokuwa ndani zikaungua nalo. Ndiyo maana kila ukipata karatasi moja ya babu yako, kokote itakakokuwa, omba nakala siku hiyo hiyo.

Babu yako, hata hivyo, si mtu wa rejesta za chuo. Alitoka kwenye shule ya pili ya mji huu, ile ya barazani na chini ya mti. Shule hiyo haina daftari la mahudhurio, lakini haikosi utaratibu. Umewahi kumsikia shehe akitaja alichukua ilimu kwa nani, na huyo alichukua kwa nani, mpaka mnyororo ukafika mbali? Wachoraji wetu wana silsila kama hiyo. Wanafunzi wa mwanzo wa Tingatinga wanatajwa watano: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata. Kila mmoja alikuwa na waliomfuata, na hao nao wana wao. Muulize mchoraji yeyote mzee wa Oyster Bay "ulishika brashi kwa nani?" atakujibu bila kufikiri, mara nyingi na undugu wa damu ndani yake, kwa sababu mjomba alimfundisha mpwa na kaka alimfundisha mdogo wake. Andika silsila ya babu yako kama ilivyo: nani alimwonyesha, nani alikaa naye kibanda kimoja, nani alimshikia brashi. Hiyo ndiyo cheti chake cha shule.

Na palipo na kikundi kilichosajiliwa, pana karatasi. Chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kilisajiliwa mwaka 1990. Ushirika wowote ukisajiliwa hufunguliwa jalada kwa mrajis, na ndani ya jalada hukaa katiba, majina ya waanzilishi, kumbukumbu za mikutano na hesabu. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lipo kwa sheria ya mwaka 1984 na linasajili wasanii na vikundi. Kama babu aliwahi kuwa kwenye kikundi chochote, hata cha watu sita, ulizia kwa jina la kikundi. Jina lake utalikuta ndani.

Jina lenyewe ni mtihani. Lilanga kwenye vitabu vya maonyesho vya Ulaya mara nyingi ni "Lilanga di Nyama". Tingatinga tu, mtu maarufu kiasi hicho, vitabu vinatofautiana juu ya mwaka wake wa kuzaliwa: vingine 1932, vingine 1937. Sasa babu yako, ambaye bandarini huenda aliandikwa kwa jina la baba na la babu, msikitini au kanisani kwa jina jingine, na kwenye picha akasaini jina la utani au la kijijini kwao! Kaa na mama yako na bibi zako, mwandike kwenye karatasi moja majina yote aliyowahi kuitwa, pamoja na tahajia mbovu mbovu. Karatasi hiyo uende nayo kila ofisi.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Mtaa wa Vijibweni. Nenda na kitambulisho na barua inayoeleza unachotafuta, uombe kuona orodha za majalada ya ajira, utamaduni na maonyesho. Utamaduni ulipewa wizara yake tangu mwaka 1962, kwa hiyo barua za serikali kuhusu wasanii ni nyingi, ingawa wizara yenyewe imebadilishwa jina na kuunganishwa na nyingine mara kadhaa, na majalada yakahama nayo. Magazeti utayapata Mlimani na Maktaba Kuu: *Uhuru*, *Ngurumo* hadi lilipofungwa mwaka 1976, *Daily News* tangu 1972. Usisome yote, utachoka. Anza na Julai za kila mwaka, wakati wa Saba Saba, kwa sababu maonyesho ndipo wachoraji walipopata nafasi gazetini, na usipite matangazo ya biashara. Tangazo dogo la maonyesho ya picha hotelini lina majina ambayo mwandishi wa habari hakuyahitaji.

Usisahau pia kuwa sehemu kubwa ya kazi za mji huu iliondoka na wanunuzi. Waliokuwa wakinunua Oyster Bay wengi walikuwa wafanyakazi wa kigeni waliokaa miaka miwili mitatu kisha wakarudi kwao, na picha zikarudi nao. Zikifika makumbusho, kila picha hufunguliwa jalada. Jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lina picha ya Ntiro ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Taasisi ya Harmon, pia ya New York, ilikusanya habari za wasanii wa Afrika mpaka ilipofungwa mwaka 1967, na nyaraka zake ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Babu yako alianza baada ya hapo, lakini kama ndani ya boksi kuna barua kutoka kwa mnunuzi wa nje, anwani iliyo nyuma ya bahasha ni mlango. Watoto wa wanunuzi wale sasa ni watu wazima, na wengi wao wangefurahi kujua ile picha ya sebuleni ilichorwa na nani.

Sasa maboksi. Nilipokuwa kijana kazini nililetewa daftari kubwa la mchoraji aliyefariki. Ndani yake alikuwa amebandika picha ndogo ndogo za kazi zake, na kati ya kurasa amebana risiti za duka la rangi. Nikatoa risiti zote nikazitia bahasha yake, picha zilizobanduka nikazitia bahasha nyingine, nikapanga kwa ukubwa. Mjane wake alipokuja kuangalia alilifungua lile daftari, akalifunga, akaniuliza taratibu: "Mbona umezitenganisha? Kila risiti ilikuwa ya rangi ya picha iliyo pembeni yake." Kwenye lile daftari palikuwa na gharama ya kila picha, aina ya rangi na tarehe aliyoanza kuichora, vyote kwa mpangilio wa mwenyewe, na mimi niliufuta kwa asubuhi moja. Haujarudi mpaka leo.

Kwa hiyo fungua boksi la kwanza ukiwa peke yako, mchana, karibu na dirisha, mikono mikavu. Piga picha kutoka juu kabla hujagusa kitu. Toa tabaka la kwanza, piga picha. La pili, piga picha. Kila bahasha au furushi lipe namba kwa penseli laini, ndogo, kwenye kona ya nyuma. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo. Vilivyofungwa pamoja vibaki pamoja. Mpira uliooza ukikatika, badala yake funga kwa utepe wa pamba. Pini yenye kutu ikiwa imelegea itoe, ikiwa imeshika iache. Majina ya picha za simu yafuate namba hizo, boksi, bahasha, karatasi, na nakala ziwe mahali pawili, mojawapo nje ya nyumba yenu. Ukipata skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi, na 600 kwa picha ndogo za kamera.

Kuna jambo moja nakuomba kwa msisitizo wote: usipeleke karatasi yoyote steshenari ikatiwe plastiki. Najua kila mtu anafanya hivyo kwa vyeti vyake. Joto la ile mashine linaunganisha plastiki na karatasi, wino unaanza kufifia humo ndani, na hakuna fundi anayeweza kuitoa tena salama. Selotepu nayo ni hivyo hivyo, huacha doa la kahawia lisilotoka.

Dar es Salaam ni mji wa unyevu, mwanangu, na karatasi haipendi mifuko ya nailoni kwa sababu inatoa jasho humo humo. Tumia maboksi makavu ya karatasi ngumu, yakae kitu kama shubiri moja juu ya sakafu na mbali kidogo na ukuta, maana mchwa hupanda kwa ukutani. Vidonge vya nafthalini usivitie ndani. Wakati wa masika fungua kila wiki uangalie. Negativu zikinuka siki, zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine, na hizo ndizo ziwe za kwanza kuskaniwa.

Zile picha 11 zisimame wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, na zisigusane uso kwa uso. Rangi ya baiskeli hunata kwenye joto, na nimeona picha mbili nzuri zikibanduana na kuacha jicho la chui kwenye mgongo wa ndege. Vumbi lifute kwa brashi laini kavu. Maji usitumie, mafuta ya taa usitumie kabisa, na hadibodi ikilowa huvimba ukingoni na hairudi.

Kisha zigeuze. Huku nyuma ndiko nyaraka zilipo. Kwenye upande ule wa hadibodi wenye vijishimo vijishimo utakuta bei kwa penseli, mhuri wa duka, karatasi ya maonyesho iliyobandikwa, jina lililokatwa na kuandikwa jingine, labda hata mchoro aliouacha nusu. Bei peke yake inaweza kukupa muongo: picha ya shilingi thelathini si ya wakati mmoja na picha ya shilingi elfu mbili. Piga kila picha mbele na nyuma, na rula pembeni.

Wazee aliofanya nao kazi wahoji mapema, kabla hata hujaenda ofisi yoyote, maana karatasi inaweza kusubiri mwezi mmoja. Ukimuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani?" utampa wasiwasi na atabahatisha. Muulize rangi walinunua duka gani, kibati kilikuwa bei gani, hadibodi ilitoka wapi, nani alikuwa mteja wao wa kwanza. Kisha mshikize kwenye tukio: ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Kagera? Ni wakati ule wa uhujumu uchumi, 1983, bidhaa zilipoadimika madukani? Au ni baada ya Mzee Mwinyi kuingia, 1985? Mwombe ruhusa ya kurekodi, na ruhusa yenyewe irekodiwe. Mwonyeshe picha za babu, halafu nyamaza. Vitu vikubwa husemwa wakati mzee ameishika picha mkononi.

Juu ya mjomba wako, msikilize, kwani chumba kina kodi na familia ina mahitaji. Lakini mweleze hivi, mbele ya mama yako na wakubwa wengine. Picha bandia zenye majina ya wachoraji wa mji huu zimeuzwa sana, na mnunuzi makini leo hauzi wala hanunui bila kuuliza ushahidi. Stakabadhi, barua na picha ya mzee akiwa amesimama na kazi yake ndizo ushahidi huo. Akiyachoma makaratasi amezipunguzia thamani picha zote 11 siku moja. Tena, kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki za kazi za msanii huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hizo ni sehemu ya mirathi yenu. Atakayetaka kuchapa picha ya babu kwenye kitabu, kitenge au kalenda anapaswa kuwafuata ninyi.

Akitokea mtu au taasisi ya kuyachukua maboksi, hata kwa nia njema, yasitoke mlangoni bila karatasi ya makubaliano inayoorodhesha kila namba, inayosema kama ni zawadi au amana, na nani ataruhusiwa kuona. Nakala zibaki kwenu. Mtu akikwambia "nitarudisha wiki ijayo" bila kusaini, mpe chai, mpe nakala, maboksi yabaki.

Anza na zile picha. Zigeuze zote 11 ukutani leo jioni kukiwa bado na mwanga, piga migongo yake, unitumie pamoja na ile orodha ya majina aliyoitwa babu. Nikiona mhuri wa duka hata mmoja nitajua nikuelekeze kwa mzee yupi kwanza.